Veipu kwenye soketi? Kabla hujakata waya wa chaja, soma hapa

Saa nne usiku, Ijumaa. Uko hosteli, mvua imekataa kukatika na duka la karibu limeshafungwa. Unavuta veipu yako mara moja, kitaa cha chini kinametameta mara kadhaa, kisha kimya. Unaimulika kwenye balbu na kuona maji bado yamo, karibu nusu nzima. Ile ladha ya embe uliyoilipia pesa zako imelala humo ndani. Kilichokufa ni betri peke yake. Hapo macho yanahama polepole hadi ukutani, kwenye soketi, ambako chaja ya simu imechomekwa, na wazo linabisha hodi: kwani stima si stima?

Usione haya. Wazo hilo limewabishia wengi kabla yako. Lilimbishia jamaa niliyeishi naye chumba kimoja kule Juja tukiwa mwaka wa pili, ambaye kwa sababu za heshima tutamwita Komredi. Alikuwa akisomea biashara, si umeme. Lakini alikuwa na chuma cha kupiga solda alichonunua kwa ajili ya kuunga waya za spika, na tangu akilete hakuna kifaa kilichosalimika chumbani mwetu.

Kabla sijakusimulia yaliyompata, tuelewane. Kama hujafika miaka 18, hakuna anayepaswa kukuuzia kitu hiki, na makala haya si ruhusa. Kama huvuti, kaa hivyo hivyo, hujakosa chochote. Yanayofuata ni ya yule ambaye tayari anayo mkononi na ameshaanza kuitazama soketi kwa jicho la tamaa.

Veipu ya Komredi ilikuwa moja ya zile za kutumia na kutupa. Aliifungua, akatoa betri, akakata waya wa USB na kuunga nyaya zake mbili, nyekundu na nyeusi, pale betri ilipokuwa. Akachomeka kwenye chaja. Akavuta. Kitaa cha chaja kikazima. Akachomoa, akachomeka tena, akavuta, kikazima tena.

"Buda, hii chaja ni feki," akasema.

Chaja ilikuwa feki kweli, na tutafika huko. Lakini kwa kosa la usiku ule haikuwa na hatia. Chukua chaja yako sasa hivi usome yale maandishi madogo ya kuumiza macho. Ya Komredi ilikuwa imeandikwa volti 5, ampea 1. Zidisha hizo mbili upate wati 5. Huo ndio uwezo wake wote, hata ukiibembeleza vipi.

Sasa njoo kwenye koili, kile kiwaya kilichojikunja ndani ya pamba ambacho hupata moto na kugeuza maji kuwa mvuke. Tuchukue koili yenye ukinzani wa omu 1.2, kiwango cha kawaida kwa veipu ndogo. Betri ya lithiamu hutoa volti 3.7 hivi. Kama bado unaikumbuka sheria ya Ohm uliyoiimba kidato cha tatu, gawanya 3.7 kwa 1.2 upate ampea 3 na kidogo. Zidisha tena kwa volti na utapata takriban wati 11. Kwa maneno mengine, kale kabetri kadogo kuliko kidole chako cha gumba kanasukuma umeme mara mbili zaidi ya ile chaja iliyo ukutani. Ukiifunga chaja ya wati 5 kwenye koili hiyo, itajikinga kwa kuzima, au isipokuwa na kinga, itaungua.

Hapa ndipo wengi hushangaa. Tunaamini ukuta una nguvu na betri ni nyonge, kumbe kinachohesabika ni kile kilicho katikati. Chaja ni mlango mwembamba. Huko nyuma yake kunaweza kuwa na ziwa zima la stima, lakini mlangoni panapita kikombe kimoja kimoja.

Komredi hakulala. Alikumbuka adapta ya taa za mapambo tulizoning'iniza dirishani Krismasi iliyotangulia. Hiyo ilikuwa volti 5 vilevile, lakini ampea 5. Akakata, akaunga, akavuta.

Safari hii iliwaka. Wueh, iliwaka kupita kiasi. Chumba kilinuka kama sufuria ya uji iliyosahauliwa jikoni, naye akakohoa mpaka jirani akagonga ukuta.

Hesabu inaeleza kwa nini. Volti 5 kwenye omu 1.2 ni zaidi ya ampea 4, yaani karibu wati 21. Koili iliyotengenezwa kufanya kazi kwa wati 11 ilikuwa imepewa karibu maradufu. Pamba haiwezi kunyonya maji kwa kasi hiyo, kwa hiyo inakauka, na kinachopikwa sasa ni pamba yenyewe pamoja na mabaki ya maji. Isitoshe, alikuwa ameiruka ile saketi ndogo yenye kihisi cha pumzi, inayokata moto ukiacha kuvuta, na ambayo katika veipu nyingi hukata yenyewe baada ya sekunde kama 8 au 10 hata ukiendelea kuvuta. Bila hiyo, koili huwaka muda wote waya ukiwa umechomekwa. Ukiiweka kitandani ikiwa hivyo, umewasha jiko kwenye blanketi.

Hizo volti 5 zina historia yake. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State kule Marekani walichapisha barua katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Walikuwa wameiendesha sigara ya kielektroniki kwa volti 3.3, kisha kwa volti 5. Kwenye 3.3 hawakuona dalili yoyote ya fomaldehaidi katika mvuke. Kwenye 5 waliiona, tena kwa wingi. Fomaldehaidi ndiyo ile kemikali ya kuhifadhia miili mochari, na husababisha saratani. Wapo wanasayansi walioupinga utafiti huo wakisema hakuna binadamu angevumilia ladha ya koili iliyoungua namna ile, kwa hivyo jaribio halikufanana na uvutaji wa kweli. Sawa, ni hoja. Ila Komredi alivuta mara tatu.

Utaniuliza: mbona kuna veipu zinazochomekwa kwenye chaja huku mtu anavuta? Zipo. Lakini nyingi ya hizo haziendeshwi na ukuta. Koili bado inakula kutoka kwa betri, na chaja inajaza nyuma polepole, kama mtu anayemimina maji kwenye mtungi huku mwingine anachota. Ukivuta kwa pupa, betri inashuka hata kama waya umechomekwa. Na betri inayochajiwa na kunyonywa kwa wakati mmoja hupata joto zaidi, jambo ambalo betri za lithiamu hazilipendi hata kidogo.

Katika miaka ya mwanzo ya vifaa hivi kulikuwa na vingine visivyo na betri kabisa, vyenye waya mrefu wa kuchomeka kwenye kompyuta. Vilifanya kazi kwa sababu koili za wakati huo zilikuwa na ukinzani mkubwa na moto mdogo. Hata hivyo vilikuwa vikiipa kompyuta kazi ngumu: koili ya omu 3 kwenye volti 5 inataka ampea 1.7 hivi, ilhali tundu la USB 2.0 linaruhusiwa kutoa nusu ampea tu. Na anayevuta anakuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba, asiweze kwenda hata roshani.

Betri imekuwa sehemu ya kifaa hiki tangu mwanzo. Herbert Gilbert, Mmarekani aliyeomba hataza ya sigara isiyo na moshi mwaka 1963, alichora betri ndani yake. Hon Lik, mfamasia wa Uchina ambaye kazi yake ya mwaka 2003 ndiyo iliyozaa veipu tunazoziona leo, naye alitumia betri. Unaweza kudhani ni kwa sababu ya kubebeka mfukoni tu. Hiyo ni sababu moja. Ile nyingine Komredi aliijua Jumamosi asubuhi.

Kwa sababu hakukata tamaa, ujue. Usiku ule ule alikuwa amesoma kuhusu watu wa Ulaya na Marekani wanaotumia pawa-saplai ya kompyuta ya mezani, lile boksi la bati lenye feni na nyaya za rangi rangi. Boksi hilo hutoa volti 12 na ampea nyingi tu, na mtu akiweka saketi ya kushusha volti katikati, anaweza kuendesha koili ya aina yoyote mpaka achoke. Hawa ni wapenzi wa mashine kubwa, zile za mawingu mazito, ambazo koili yake inaweza kuwa na omu 0.15 na kula wati 80. Piga hesabu uone: hiyo ni ampea 23 kupita katika kiwaya kimoja. Betri nyingi hazifai kusukuma mkondo kama huo, na ndiyo maana wengine wakaona heri ukuta. Wati 80 hizo hizo, ukizichota moja kwa moja kwenye soketi yenye volti 240, ni thuluthi moja tu ya ampea.

Kwa hiyo jibu la swali lako la saa nne usiku ni ndiyo, inawezekana. Watu wamefanya. Komredi alikuwa na pawa-saplai kuukuu aliyoitoa kwenye kompyuta ya binamu yake, na asubuhi tukaibeba hadi kwa fundi wa simu na redio karibu na steji, mzee mmoja mpole ambaye wanafunzi wote walimwita Mzee tu.

"Shikamoo Mzee," Komredi akaanza, adabu zikiwa nyingi kuliko kawaida. "Tuna kazi kidogo."

Mzee aliisikiliza kazi hadi mwisho bila kucheka. Kisha akauliza, "Na hiyo chaja ya jana mko nayo?"

Tulikuwa nayo. Akaichomeka kwenye ekstensheni yake, akachukua testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, na kugusisha ncha yake kwenye bati la mdomo wa waya wa USB. Kitaa kikawaka. Si kwa mbali. Kiliwaka.

"Hapa ndipo ungeweka mdomo," akasema.

Nataka utulie hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penyewe.

Betri ni kisiwa. Umeme unaotoka upande wake mmoja una hamu moja tu duniani: kurudi upande wa pili wa betri ile ile. Haujui sakafu, haujui bomba la maji, haukujui wewe. Unaweza kushika upande mmoja wa betri ukiwa umesimama pekupeku kwenye tope na hakuna litakalotokea, maana hauna njia ya kurudi nyumbani kupitia kwako. Stima ya ukutani si hivyo. Moja ya nyaya zake mbili imefungwa kwenye ardhi huko kwenye transfoma ya mtaani. Kwa hiyo sakafu yenye unyevu, ukuta uliolowa, mfereji wa chuma, zote hizo ni njia za kurudi. Ukigusa waya wenye moto huku umesimama chini, wewe ndiwe waya uliobaki.

Kazi kubwa ya chaja, kubwa kuliko hata kushusha volti, ni kukugeuzia stima ya ukutani iwe kisiwa. Ndani yake mna transfoma ndogo yenye nyaya za pande mbili zisizogusana kabisa. Umeme wa upande wa ukuta unatikisa sumaku, sumaku inaamsha umeme mpya upande wako. Katikati ya pande hizo, kwenye ubao wa saketi, panatakiwa pengo la milimita kadhaa lisilo na kitu. Kinachovuka pengo hilo kwa ruhusa ni kijikapasita kimoja maalumu cha kutuliza makelele ya umeme, nacho huvujisha mkondo mdogo mno. Umewahi kupapasa mgongo wa simu ya bati au kompyuta inapochajiwa ukahisi mtetemo fulani, kama mchwa wanatembea chini ya ngozi? Ndicho hicho. Chaja nzuri nayo inaweza kukifanya kitaa cha testa kimulike kwa mbali, na haitakudhuru.

Mzee akaifungua ile ya Komredi kwa koleo. Pengo la kati lilikuwa jembamba kama ukucha, na lilikuwa na masizi. Kile kijikapasita maalumu hakikuwa maalumu. Kilikuwa cha kawaida, cha bei ya chini, kilichobandikwa pale kwa sababu kinafanana. Kitu cha aina hiyo kikichoka hakivujishi mtetemo. Kinakuwa waya, na volti 240 zote zinafika kwenye ncha ya USB.

Kwa simu, huenda ungepona kwa sababu simu nyingi zimevikwa plastiki na kioo, na unaishika kwa mkono mkavu. Fikiria veipu. Bati lake la nje, katika vifaa vingi, limeunganishwa moja kwa moja na upande hasi wa umeme. Unalishika kwa kiganja, kisha unalipeleka mdomoni. Ngozi kavu ya kiganja hukukinga, maana ukinzani wake unaweza kufika maelfu ya omu, hata makumi ya maelfu. Midomo haina ngozi ya hivyo, tena ina mate. Mwili ukilowa, ukinzani wake unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya 240 kwa 1,000 upate robo ampea. Kidogo, siyo? Mkondo unaozidi sehemu moja ya mia ya ampea tu unaweza kukaza misuli ya mkono ushindwe kuachia ulichoshika. Sehemu moja ya kumi ya ampea ikipita kifuani inaweza kuufanya moyo utetemeke badala ya kudunda.

Usiniambie kuhusu fyuzi. Fyuzi ya plagi zetu ni ya ampea 13, na ipo kuulinda waya usiungue. Wewe utakuwa umeshazikwa kabla robo ampea yako haijaisumbua. Kinachoweza kukuokoa ni ile swichi ya usalama inayokata stima ikigundua kwamba ampea 0.03 zimepotea njia, na hiyo nenda kaitafute kwenye boksi la mita la hosteli yako kabla hujaitegemea.

Na kama yupo mwerevu anayewaza kuiruka chaja kabisa na kuunga koili kwenye soketi, volti 240 kwenye omu 1.2 ni ampea 200. Hizo ni wati 48,000, sawa na pasi 40 za wati 1,200 zikiwaka kwa pamoja mdomoni mwako, kwa muda ule mfupi kabla fyuzi haijalipuka.

Sisi tuliolelewa na shawa za stima tungepaswa kulielewa hili kuliko mtu yeyote. Nani hajawahi kugusa mfereji wa bafu kwa nyuma ya kidole kwanza, kupima kama leo uko na hasira? Tunajua maji na stima vikikutana chini ya paa moja mtu huoga kwa tahadhari. Halafu tunataka kuweka mpangilio uo huo kati ya meno.

Hapo Komredi alipinga, na alikuwa na hoja. "Lakini Mzee, hospitalini kuna mashine ya watu wa pumu. Wanachomeka ukutani na wanavuta mvuke."

Ni kweli, inaitwa nebulaiza, na ukiichunguza utaona wahandisi walivyofikiri. Stima inaishia kwenye boksi lililo mezani, ambamo mna pampu ya hewa. Kutoka hapo hadi kwa mgonjwa ni mrija wa plastiki uliojaa hewa tupu, na hewa hiyo ndiyo inayorusha dawa iwe ukungu. Hakuna waya hata mmoja unaomfikia mgonjwa. Wajerumani wa Storz & Bickel wanaotengeneza Volcano, mashine ya mezani ya kupasha majani moto inayouzwa huko tangu karibu mwaka 2000, walipita njia hiyo hiyo: hita inabaki mezani, mvuke unajaza mfuko kama puto, kisha mfuko unachomolewa na kupelekwa mdomoni. (Majani yanayowekwa humo mara nyingi ni yale yatakayokupeleka kortini hapa kwetu, kwa hiyo nazungumzia ufundi tu.) Mahali ambapo stima ya ukutani na pumzi ya binadamu vimekutana kwa usalama, kuna aliyekaa chini na kuikata njia ya umeme kabla ya mdomo. Solda ya Komredi ilikuwa inaiunga.

Nikikuacha hapo utadhani betri ni malaika. Si malaika. Idara ya zimamoto ya serikali ya Marekani ilipitia visa vya sigara za kielektroniki kuwaka au kulipuka nchini humo kati ya 2009 na 2016, ikahesabu 195. Watu 133 waliumia, 38 kati yao vibaya. Visa 61 vilitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni, 60 wakati wa kuvuta na 48 wakati wa kuchaji. Katika miaka hiyo hakuna aliyekufa, lakini mwaka 2018 mtu mmoja alifariki Florida kifaa chake kilipolipuka, na mwaka uliofuata mwingine Texas.

Mfukoni, umeona? Zile betri za kutoa na kurudisha, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, watu huzitia mfuko mmoja na funguo na sarafu. Ufunguo ukigusa pande zote mbili, kisiwa chetu kimepata daraja, na betri inatema umeme wake wote kwa mkupuo. Ukiwa nazo, ziweke kwenye kijisanduku cha plastiki. Na plastiki inayozifunika ikichanika, betri hiyo imekwisha kazi.

Yenye tundu la kuchajia ichaji kwa chaja ya kawaida, ya volti 5 na ampea 1 au kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji, ukiwa macho na iko juu ya meza, si chini ya mto. Ikijaa, chomoa, ndipo uvute. Isiyo na tundu ikizima, imezima. Najua inauma, maji yakiwa bado yamo. Inauma zaidi ukijua kwamba betri iliyomo ndani ya nyingi ya hizi za kutupa ni ya kuchajiwa kabisa. Watafiti wa University College London na wa Oxford walizitoa baadhi mwaka 2023 wakazichaji na kuzimaliza zaidi ya mara 450, na bado zilikuwa na nguvu. Uingereza imepiga marufuku uuzaji wa veipu za kutupa tangu Juni 2025, taka zikiwa moja ya sababu. Mtengenezaji alikuuzia kitu kizima akakinyima tundu. Kasirika, una haki. Lakini usikifungue kwa kisu: ukiitoboa betri ya lithiamu inaweza kuwaka mikononi mwako. Wala usiitupe kwenye lile rundo la taka linalochomwa nyuma ya ploti kila Jumapili, watoto wakizunguka moto.

Kuna jambo moja nililimwambia Komredi tukitoka, na hakulipenda. Mtu mzima, saa sita za usiku, anakata waya za taa za Krismasi ili apate mivuto mitatu ya moshi unaonuka pamba. Hiyo si tamaa ya embe. Ni nikotini, na inashika vijana upesi kuliko wazee kwa sababu ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Kama umejiona kwenye picha hiyo, NACADA wana laini ya bure, 1192. Unapiga na kuongea, hakuna anayekuuliza unaishi hosteli gani.

Komredi hakupiga, angalau si siku hiyo. Pale kwa Mzee pawa-saplai ilinunuliwa kama vyuma chakavu, na betri ya veipu ikaingia kwenye mkebe wa maziwa uliojaa mchanga pamoja na wenzake wengi, ambao Mzee huupeleka kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Chaja aliivunja vipande mbele yetu ili, alivyosema, isije ikauzwa tena kwa mtoto wa mtu.

"Sasa nitachaji simu na nini?" Komredi akauliza.

Mzee akatoa nyingine kwenye droo, nzito kidogo, akaigusisha testa. Kitaa kilimulika kwa mbali, kama kimulimuli wa kijiji cha pili. Mia tano. Komredi alilipa mia tatu na kuahidi mia mbili Jumatatu, na ninavyojua mimi, Jumatatu hiyo haijafika.